Kunoa viatu vya hoki ya barafu: umlipe nani, ununue nini

Viatu vipya vya hoki ya barafu hutoka dukani vikiwa butu. Kiwanda hukata chuma, hukipa umbo, hukisugua mpaka king'ae, kisha basi. Makali ni juu yako. Familia nyingi za kwetu zilizohamia Ontario, Alberta au Minnesota hulijua hilo siku ya kwanza ya mazoezi, mtoto anapokanyaga barafu na miguu ikamkimbia huku na huko, na kocha akauliza kama viatu vimenolewa. Na hata vikishanolewa mara moja, vitarudi kwenye jiwe la kunolea kila baada ya wiki mbili tatu mpaka msimu uishe.

Ajabu ni kwamba mzazi hulinganisha bei za viatu, fimbo na kofia kwa majuma mazima, halafu kazi ya kunoa akampa yeyote aliye karibu na uwanja. Mimi ningegeuza mpango huo. Kiatu cha bei ya chini chenye makali yaliyo sawa kitamfaa mtoto kuliko kiatu cha dola 600 kilichonolewa upande. Huu basi ni mpangilio wangu wa njia za kunoa, kuanzia ile ambayo ningelipia kwanza hadi ile ambayo singeikaribia. Bei nilizotaja ni za Canada na Marekani, za kukadiria, na hubadilika kutoka mji hadi mji.

Kinachochongwa ni nini hasa

Geuza kiatu juu chini ukitazame kutokea kisigino. Chuma cha mchezaji wa kawaida kina unene usiofika milimita 3. Kisu cha jikoni kina makali ya upande mmoja. Chuma hiki kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na katikati yake kuna mfereji mwembamba unaokwenda urefu wote wa chuma. Anayenoa hagusi makali yenyewe. Anauchimba upya huo mfereji, na makali yanazaliwa pale kuta za mfereji zinapokutana na mbavu za chuma.

Kina cha mfereji ndicho kinachoamua mchezo. Amerika Kaskazini hukitaja kwa nusu kipenyo cha duara ambalo mfereji ni kipande chake, kwa inchi: 3/8, 1/2, 5/8, 3/4, hata inchi nzima. Ulaya utasikia milimita. Namba ikiwa ndogo, mfereji unazama zaidi, makali yanakamata barafu kwa nguvu zaidi, na kuteleza kunakuwa kuzito. Namba ikiwa kubwa, unateleza kwa wepesi lakini kona kali zinakuponyoka. Kwa chuma cha unene wa milimita 2.8, mfereji wa 1/2 una kina cha takriban milimita 0.08. Wa 3/8 unafika 0.10, wa 5/8 unabaki 0.06. Tofauti yote hiyo haifiki unene wa karatasi moja ya kuchapia, na bado mchezaji mzoefu huihisi kwenye hatua ya pili.

Uombe namba gani? Mtoto anayeanza, au mtu mzima ambaye hajui aombe nini: 1/2. Ndiyo namba ambayo maduka mengi hukupa usiposema kitu. Mtu mzito huzama kwenye barafu kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo anaweza kupanda hadi 5/8 na akafurahia mwendo. Mtoto mwepesi anayelalamika kwamba kona zinamtupa anaweza kushuka hadi 7/16 au 3/8. Usimpe anayejifunza mfereji wa kina kirefu ukidhani unamsaidia: kusimama kwa kukata barafu kwa ubavu kunahitaji chuma kiteleze kidogo kwanza, na makali yanayong'ang'ania humwangusha kifudifudi. Ugumu wa barafu nao una neno. Kwenye barafu ngumu na baridi sana, makali yenye kina husaidia. Kwenye barafu laini iliyokaribia kuyeyuka, mfereji wa kina huzama na kuchosha miguu.

Makipa wana hesabu yao. Chuma chao ni kipana zaidi, karibu milimita 4, na zamani walipenda mfereji wa kina kifupi ili wateleze kando kwa kando. Mtindo wa kisasa wa kupiga magoti na kusukuma kwa nguvu umewarudisha wengi kwenye makali yanayokamata. Kipa wako akitaka 3/8, usidhani amekosea.

Nafasi ya kwanza: fundi mmoja, namba moja

Kwa familia yenye mchezaji mmoja, na duka lisilo mbali, jibu ni fundi wa duka la vifaa vya hoki, anayetumia mashine ya kusimama na jiwe linalozunguka. Utalipa kama dola 8 hadi 15 kwa jozi. Mashine zake mara nyingi ni Blademaster au Blackstone, zote za Ontario. Kwanza anachonga jiwe lenyewe kwa ncha ya almasi ili ukingo wake upate mviringo wa namba uliyoomba. Kisha anabana kiatu kwenye kibanio kinachoteleza juu ya meza, na kukipitisha mbele ya jiwe mara kadhaa, mwisho kwa mkono mwepesi sana na tone la mafuta. Chuma kipya, au kilichokanyaga jiwe la maegesho, huanza kwa jiwe jingine linalokwangua kwa upana ili kukisawazisha, ndipo mfereji uchimbwe. Akimaliza huondoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki kando ya makali kwa kinoo cha mkono.

Ubora wa njia hii ni mkono wa mtu, na udhaifu wake ni huo huo. Mafundi wawili wakipewa 1/2 wanaweza kukurudishia viatu viwili tofauti. Mmoja alichonga jiwe asubuhi tu, na sasa ni jioni na mviringo umelika. Mwingine anakandamiza anapofika kwenye vidole na kisigino, na kila mara anakula chuma kidogo pale, mpaka baada ya miezi mingi kiatu kimepoteza umbo lake. Ndiyo maana nasema fundi mmoja. Ukishampata anayefanya kazi sawasawa, kaa naye, hata kama ni dola 3 zaidi na dakika 15 za kuendesha gari.

Utamjuaje? Anza na maswali yake. Fundi anayekuuliza namba, uzito wa mchezaji na mara ya mwisho viatu viliponolewa tayari amekuonyesha kitu. Anayevipokea na kuvitupa kwenye rundo bila kuandika lolote, mwache. Viatu vikirudi, vikague hapo hapo kaunta, bila aibu:

Laza kucha ya kidole gumba juu ya makali ya upande mmoja, uivute kidogo. Makali mazuri hukwangua unga mwembamba wa kucha. Fanya hivyo ndani na nje, mbele, katikati na nyuma, viatu vyote viwili. Halafu pitisha kucha kwa urefu wa makali. Ikikwama mahali, pana pengo au kinyuzi hakikuondolewa.

Kisha kipimo kikubwa kuliko vyote, kile ambacho wazazi wengi hawajakisikia: usawa. Weka kitu kilichonyooka, rula fupi au kadi ngumu ya benki, kikae juu ya makali yote mawili, kiatu kikiwa juu chini. Kinapaswa kufanya pembe mraba kabisa na ubavu wa chuma. Kikiinama upande mmoja, makali ya upande mmoja yako juu kuliko ya pili, na mchezaji atahisi mguu mmoja unashika kona ya kushoto lakini unaponyoka kulia. Watoto huja wakisema "kiatu changu hakina makali", mzazi analipa kunoa tena, fundi yule yule ananoa tena kwa mashine ile ile iliyopinda, na mtoto anaendelea kuanguka. Mara nyingi makali yako pale, hayako sawa tu. Kuna vipimio vidogo vya sumaku vyenye mistari vinavyouzwa kwa kazi hii, na kwa mwenye watoto wawili kwenye timu ni pesa ya maana kabisa.

Ukiona chuma kimebadilika rangi kuwa bluu au kahawia karibu na makali, kimechomwa kwa joto la jiwe. Chuma hicho kimelainika pale na hakitashika makali. Omba mtu mwingine, kwa adabu.

Nafasi ya pili: vyuma vya akiba

Hii si njia ya kunoa, na bado naiweka juu ya mashine yoyote. Viatu vingi vya kisasa vya kiwango cha kati na cha juu vina kishikilia chuma kinachoachia kwa kubonyeza au kwa kugeuza kitu kidogo. Bauer na CCM wote wanavyo. Unanunua jozi ya pili ya chuma, unapeleka zote mbili kwa fundi wako yule yule, na jozi moja inakaa kwenye begi ikiwa imenolewa. Mtoto akikanyaga skrubu kwenye njia ya chumba cha kubadilishia nguo dakika tano kabla ya mechi, unabadilisha chuma bila kuvua kiatu.

Faida ya pili haisemwi sana: unampa fundi mzuri muda. Badala ya kusimama kwenye foleni Jumamosi asubuhi, unaacha jozi moja Jumatatu na kuichukua Alhamisi. Jozi ya chuma hugharimu kuanzia dola 60 hivi hadi 200 na kitu, kutegemea aina. Vile vilivyopakwa rangi nyeusi vina ugumu wa ziada juu ya uso, lakini sijaona sababu ya kumlipia mtoto wa miaka 10 tofauti ya bei hiyo. Chuma cha kawaida cha pua, kirefu ili kiweze kunolewa mara nyingi, kinatosha.

Soma namba iliyoandikwa kwenye kishikilia kabla ya kununua. Ni urefu kwa milimita, kama 254, 272 au 280, na si saizi ya kiatu. Aina ya kishikilia nayo ni lazima ilingane: chuma cha Bauer hakiingii kwenye kishikilia cha CCM, hata kama urefu ni mmoja. Viatu vya bei ya chini vya watoto wadogo vina chuma kilichofungwa kwa bolti au riveti. Hapo akiba haina maana, bakia na fundi.

Nafasi ya tatu: mashine ya nyumbani inayojiendesha

Hapa ndipo pesa nyingi hutumika kwa furaha na baadaye kwa majuto. Mashine inayojulikana zaidi ni Sparx, ya Massachusetts: sanduku linalokaa juu ya meza, unabana kiatu juu yake, unachagua idadi ya mapito, unabonyeza, na pete ndogo ya kunolea inatembea yenyewe chini ya chuma huku unga ukivutwa kwenye kichujio. Prosharp ya Sweden nayo ina mashine za maduka na ya nyumbani. Uzuri wa zote ni kwamba hazina mkono unaochoka. Namba hubadilishwa kwa kubadilisha pete, si kwa kuchonga jiwe, kwa hiyo 1/2 ya leo ni 1/2 ya mwezi ujao.

Tupige hesabu. Mashine ya Sparx ya nyumbani, na vitu vyake vya lazima, inakaribia dola 1,000, wakati mwingine inapita. Pete moja hutoa mapito 320, na ina kijichipu kinachohesabu. Zikiisha, mashine inaikataa. Kunoa kwa kawaida ni mapito manne kwa kila chuma, yaani manane kwa jozi, kwa hiyo pete moja inanoa jozi 40 hivi. Pete ikiwa dola 70, kila jozi inakugharimu chini ya dola 2. Mtoto mmoja anayenoa kila wiki mbili, kuanzia Septemba hadi Machi, ananoa kama mara 14. Kwa fundi wa dola 10 hiyo ni 140 kwa msimu. Kwa mashine, pete zake ni kama 25. Unaokoa 115 kwa mwaka, na mashine itajilipa mtoto akiwa ameshaacha kucheza au ameshaingia chuo. Watoto watatu wanabadilisha hesabu: 420 kwa fundi, 74 kwa pete, na baada ya misimu mitatu mashine imejilipa.

Hesabu hiyo inaacha kitu kimoja nje, ambacho huenda ndicho kikubwa: umbali. Familia inayoishi kwenye mji mdogo wa Saskatchewan, saa moja kutoka kwa fundi wa kuaminika, haihitaji watoto watatu ili kununua. Na mwenye mashine hunoa mara nyingi zaidi, mapito mawili tu kila baada ya mazoezi machache, badala ya kusubiri makali yafe kisha kuyafufua. Mchezaji anakaa na makali yale yale msimu mzima. Nimeona wachezaji watu wazima wakisema hicho tu ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Lakini usidanganyike kwamba inajiendesha yote. Usawa wa makali bado ni kazi yako: mashine ikitoka kwenye boksi, na kila inapobebwa kwenda mahali, inabidi kurekebisha pete ikae katikati kabisa ya chuma, kwa kutumia kile kile kipimio nilichotaja. Asiyefanya hivyo ananoa kombo kwa usahihi mkubwa. Chuma kipya kinataka mapito mengi zaidi mara ya kwanza. Pia mashine haisawazishi chuma kilichopinda wala haitengenezi mapengo makubwa. Hayo yanarudi kwa fundi.

Wazo linalofanya kazi vizuri ni kuinunua kwa kushirikiana. Familia nne za timu moja, mashine moja, kila mmoja pete yake. Pete ndiyo inayohesabu mapito, kwa hiyo hakuna ugomvi wa nani ametumia nini.

Nafasi ya nne: mkato wenye sakafu bapa

Blackstone waliuleta mkato unaojulikana kwa herufi FBV. Badala ya mfereji wa mviringo, chini yake ni bapa na kandokando kuna makali mawili yaliyoinuka. Namba zake ni mbili, kama 100/50 au 90/75: ya kwanza ni upana wa ile sakafu, ya pili ni kimo cha makali. Ya pili ikikua, unashika zaidi. Wengi waliozoea 1/2 huanzia 100/50.

Wanaoupenda wanasema unateleza kama mfereji wa namba kubwa na unashika kama wa namba ndogo. Kwa mchezaji mwenye mwendo mzuri, aliyekwisha kujua anachotaka, ni kweli kwa kiasi, na unastahili kujaribiwa mwanzoni mwa msimu, si wiki ya fainali. Nauweka nafasi ya nne kwa sababu moja isiyo ya kiufundi: ukisafiri kwenda mashindano mji mwingine na duka la huko halina vifaa vya kuuchonga, watakupa mfereji wa kawaida na utacheza mechi tatu kwenye miguu usiyoijua. Mwenye vyuma vya akiba anaepuka tatizo hilo. Mtoto wa chini ya miaka 12 hana haja nao.

Karibu na huu kuna jambo ambalo muuzaji anaweza kukuuzia siku hiyo hiyo: umbo la chuma kwa urefu. Chuma cha hoki si bapa kutoka vidole hadi kisigino. Kimepindika kidogo kama kipande cha duara kubwa sana, lenye nusu kipenyo cha futi 9 au 10 kwa viatu vingi vinavyotoka kiwandani. Kupinda kukizidi, unageuka haraka. Kukipungua, unakimbia kwa utulivu. Siku hizi kuna maumbo yanayochanganya vipimo viwili hadi vinne kwenye chuma kimoja. Kazi hiyo hulipiwa kando, mara kadhaa ya bei ya kunoa. Mtu mzima anayecheza ligi anaweza kuiona tofauti. Kwa mtoto ambaye mguu wake utakua na kubadilisha kiatu kabla ya mwaka, hifadhi pesa yako.

Zinazofuata, kwa haraka

Mashine ndogo za nyumbani za kusukuma kwa mkono, kama Wissota, zinafanya kazi ile ile ya fundi kwa udogo, na hugharimu chini ya zile zinazojiendesha. Mwenye subira, karakana na mapenzi ya kazi za chuma atanoa vizuri sana. Wengine wataharibu jozi kadhaa kwanza. Ikiwa unafikiri kuinunua, anza na chuma cha zamani kisicho na mwenyewe, na vaa miwani na barakoa, maana unga wa chuma na jiwe hauna kichujio kinachoungojea.

Dirisha la kunolea kwenye uwanja wenyewe ni bahati nasibu. Viwanja vingine vina fundi wa miaka mingi, vingine vina kijana wa zamu aliyeonyeshwa kitufe cha kuwashia. Mashine mara nyingi ni nzuri. Inayokosekana ni mtu. Muulize ananoa kwa namba gani. Akikujibu "kawaida", tumia siku ya dharura tu.

Vinoo vya mkononi, vile vya dola 20 au 30 unavyovivuta juu ya chuma, vinauzwa kama vinanoa. Havinoi. Vizuri zaidi kati yao vinanyoosha makali yaliyolala na kuondoa vinyuzi, na kwa kazi hiyo viwe kwenye kila begi: mtoto akigonga nguzo ya goli, mvuto mmoja mwepesi unaweza kumrudisha mchezoni mpaka mwisho wa kipindi. Usivitumie kila siku mahali pa kunoa, kwa sababu havichimbi mfereji, na polepole vinauviringisha ukingo uliokuwa mkali.

Mwisho kabisa, fundi wa visu na mapanga, au grinda ya gereji. Mtaa wowote wenye fundi mzuri wa visu utakuwa na mtu anayesema "leta, nitakunolea". Jiwe lake halina mviringo uliopimwa, meza yake haina kibanio cha kushika chuma kikiwa wima, na dakika tatu za cheche zinaweza kumaliza chuma cha dola 100. Viatu vya kuchezea dansi ya barafuni vyenye meno mbele visichanganywe humu pia: chuma chake ni kinene zaidi, kina umbo jingine, na fundi wa hoki asiyevizoea anaweza kuyasaga meno yote.

Lini unoe, na unavyotunza kati ya siku hizo

Hakuna idadi moja ya saa. Mtoto anayecheza mara mbili kwa wiki anaweza kwenda wiki tatu. Mlinzi wa timu ya ushindani anayesimama kwa nguvu kila dakika anataka kila wiki. Sikiliza kona: anapoanza kuteleza nje kwenye kona ambazo wiki iliyopita alizipita, muda umefika. Noa siku ya mazoezi, mechi isubiri siku inayofuata, ili miguu iyazoee makali mapya.

Makali mengi hayafi kwenye barafu, yanafia njiani. Zege, changarawe, kokoto moja kwenye mkeka wa mpira, mlango wa chuma wa benchi. Nunua vikinga viwili: vya plastiki ngumu kwa kutembea, na vya kitambaa kwa begi. Visibadilishane kazi. Kikinga cha plastiki kikiachwa usiku kucha juu ya chuma chenye maji hufuga kutu, na kutu hula makali kwanza kuliko kitu chochote. Futa chuma kwa taulo mara tu unapotoka, ukifika nyumbani toa viatu kwenye begi, na vuta soli ya ndani ikauke.

Chuma chenyewe kina mwisho. Kila kunoa kunakipunguza, na kikishakaribia kishikilia, mchezaji akiinama kwenye kona plastiki itagusa barafu na mguu utaondoka. Kabla hakijafika hapo, kibadilishe.

Kwa aliye Nairobi

Uwanja wa Panari, kwenye barabara ya Mombasa, ulifunguliwa 2005, na ndiko timu ya Kenya Ice Lions ilikojifunzia mchezo huu, ikapata safari ya Canada 2018, na Kenya ikaingia kwenye shirikisho la dunia la IIHF kama mwanachama mshiriki 2024. Lakini mtaa wa Nairobi hauna maduka matano ya hoki ya kuchagua, kwa hiyo mpangilio wangu hapo juu unageuka. Fundi wa kwanza kwenye orodha hayupo kila kona, na vyuma vya akiba vinapanda hadi nafasi ya kwanza. Ndugu au rafiki akija kutoka Toronto, mwambie asilete fimbo, alete jozi mbili za chuma zilizokwisha kunolewa kwa namba yako, na kinoo kimoja cha kuondolea vinyuzi.

Kwa klabu, mashine inayojiendesha inastahili kuchangiwa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu inahamisha ujuzi kutoka kwenye mkono wa mtu mmoja, ambaye anaweza kuhama, hadi kwenye mashine ambayo kijana yeyote aliyefundishwa usawa anaweza kuitumia. Ziagizwe pete za kutosha msimu mzima, za 1/2 zaidi na moja ya 3/8 kwa makipa, pamoja na kipimio cha usawa na vichujio vya akiba. Hivi ndivyo vitakavyokwama bandarini wakati mnavihitaji. Mashine za Amerika Kaskazini hutengenezwa kwa soketi za volti 120 na kwetu umeme ni 240, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma, au mwombe muuzaji akupigie picha yake, kabla pesa haijatoka.